Bushi Zimekwisha, Shokapu Haina Kosa

MWAJUMA: Karibuni tena, wapenzi wa baiskeli. Tuko Dodoma, na vumbi limeamka kabla yetu. Shikamoo, fundi Lameck.

LAMECK: Marahaba, mdogo wangu. Nimekwishalila la kutosha.

MWAJUMA: Msikilizaji wetu wa Nzuguni baiskeli yake ya milimani inagonga nyuma akishuka makorongo. Ameambiwa anunue shokapu mpya.

LAMECK: Hela aiweke kwanza! Ashike kiti, ainue taratibu huku gurudumu likiwa bado chini. Kidole kimoja kiwe pale shokapu inapofungwa kwenye fremu. Akisikia inacheza kabla gurudumu halijaacha ardhi, ni bushi ya shokapu hiyo, yaani kile kipete kinachokaa ndani ya tundu la kuifungia.

MWAJUMA: Na ikicheza kwa pembeni?

LAMECK: Hapo watu hudanganyika. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikilegea nayo inacheza hivyohivyo. Asukume gurudumu kushoto na kulia, mkono mwingine ushike fremu ya nyuma karibu na ekseli. Gurudumu likicheza peke yake, aende kwenye habu. Fremu ikienda nalo, ni kwenye maungio, pale fremu ya nyuma inapoungana na ya mbele. Na maungio mengine hayana bushi, yana beringi, kwa hiyo afungue aone kabla ya kwenda dukani.

MWAJUMA: Mafundi wa bodaboda si wanazitoa bushi kila siku?

LAMECK: Wanazitoa, tena kwa nyundo! Huku jicho la shokapu, lile tundu linaloshika bushi, ni aluminiamu. Ukigonga kombokombo tundu linapanuka upande mmoja, na bushi mpya haitashika tena. Chukua boliti ndefu, nati yake na soketi mbili. Soketi ndogo, iliyo nyembamba kidogo kuliko bushi, ndiyo inayosukuma. Kubwa inakaa upande wa pili kuipokea. Unakaza kwa spana, bushi inatoka yenyewe. Mpya unaiingiza kwa njia hiyohiyo, ila pale mwanzo hakikisha imekaa wima. Ukiona inaingia kwa upande, rudi nyuma.

MWAJUMA: Bushi yenyewe ataipata wapi? Fundi wa kukereza vyuma hawezi kumchongea ya brasi?

LAMECK: Anaweza. Kwa maungio ya baiskeli kuukuu ya mtumba, ambayo vipuri vyake havipo tena, mimi mwenyewe nampelekea. Lakini mpe fremu na ekseli ya maungio hayo, apime kwa vernia, kile kipimo cha milimita ndogondogo. Usimwambie tu “kama nusu inchi hivi.”

MWAJUMA: Na ya shokapu?

LAMECK: Hiyo nanunua. Nyingi zinapokea pini ya milimita 12.7, inayopita katikati ya bushi, ila upana wa vifungio vyake hutofautiana fremu na fremu, kwa hiyo upime. Ile bushi ni ganda la chuma, ndani lina tabaka jembamba la shaba nyeusi yenye vitundu vilivyojazwa tefloni. Tefloni ndiyo inayoteleza. Ukichungulia ukaona shaba inang'aa, basi imekwisha. Na pini nayo uiangalie: ikiwa imelika, bushi mpya haidumu.

MWAJUMA: Grisi je?

LAMECK: Imetengenezwa kufanya kazi kavu. Ukiijaza grisi nzito kwenye kiangazi chetu, kuanzia Mei mpaka Novemba, vumbi litanata na utakuwa umetengeneza msasa.

MWAJUMA: Mimi naosha yangu kwa mashine ya kuoshea magari.

LAMECK: Haya, wewe ndiye mteja wangu! Maji ya nguvu yanasukuma mchanga ndani kabisa ya maungio. Tumia ndoo na brashi.

MWAJUMA: Nimekoma. Kuna jingine kabla hajafungua?

LAMECK: Shokapu ikiwa ya hewa, apime presha aiandike, ndipo aitoe. Na boliti asizikaze kwa hasira, nguvu ya kukazia mara nyingi imeandikwa pale pale kwenye boliti. Akirudisha hewa kwa kukisia, baiskeli ikaanza kudunda, asije akanipigia simu kulalamika kuwa bushi ni mbovu.