Galoni Ipi?

Nimeombwa nizungumzie tovuti ninazozipenda za ufundi, fasihi na sanaa. Walionisikia mwaka jana wanajua kwamba nitakwama kwenye ufundi. Nitakwama.

Inaitwa The Engineering ToolBox. Haina urembo, ni majedwali tu: uzito wa vyuma, msuguano wa maji bombani, vipimo. Sasa sikieni. Nilikuwa na pampu kuukuu ya Kiingereza, kibao chake kinasema galoni 1,000 kwa saa. Nikafungua jedwali, nikaona galoni moja ni lita 3.785, nikapiga hesabu: tangi la lita 3,800 litajaa kwa saa moja. Nikamwambia mlinzi, "Mzee, washa saa kumi, zima saa kumi na moja," nikaenda zangu. Kurudi, uwanja mzima matope. Mzee kakunja suruali mpaka magotini. "Mwalimu," ananiambia, "saa haijatimia, maji yashafika mlangoni kwangu."

Jedwali halikukosea! Nilichosoma kilikuwa galoni ya Kimarekani, na imeandikwa hivyo. Ya Kiingereza ni lita 4.546. Hesabuni wenyewe: zaidi ya lita 700, ndoo kubwa 37, zimemwagika kwa sababu mtu mwenye shahada hakusoma neno moja.

Kuna mtu hapo anajisemea, siku hizi unaiuliza tu simu. Haya, iulize. Ikikupa namba, iulize tena: galoni ipi? Mimi nataka ukurasa unaoniwekea zote mbili nichague, nikikosea nijue nimekosea wapi. Na majedwali ni maandishi, hayali bando, kwa hiyo msinipe kisingizio hicho.

Fasihi, haraka. Project Gutenberg ilianza 1971, pale Michael Hart alipochapa Tangazo la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000, bure. Kiswahili humo ni haba, najua, mmeshalalamika. Nendeni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, mkatafute hadithi alizokusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere Unguja, zikachapishwa London 1870, Kiswahili na Kiingereza vimekaa pamoja. Ila someni mwaka kwanza! Kuna mwanafunzi alinisahihishia tahajia ya 1870 kwa kalamu nyekundu. Kosa ni lilelile la galoni.

Sanaa... naona naonyeshwa karatasi huko nyuma. Dakika mbili? Basi Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi. Mwaka 2022 walitoa picha ya mchoro mkubwa wa Rembrandt wa walinzi wa mji, wa 1642, yenye pikseli bilioni 717. Unavuta karibu mpaka unaona nyufa za rangi. Hiyo sasa ndiyo inayokula bando, ifungueni maktaba. Nilitaka tuikuze hapa ukutani, lakini projekta imegoma tangu asubuhi.

Haya, yule kijana mwenye kofia, umenyoosha mkono tangu nilipotaja ndoo.