Mbona nawaonyesha makumbusho ya zamani ya volkano? Nawajibu

Haya wapendwa, karibuni tena. Kila nikipandisha video ya Aso, volkano ya huku Japani, swali ni lile lile: "Dada, uko Japani, mbona unatuonyesha jengo la kizamani? Si uende kwenye kreta yenyewe, mdomo wa volkano?" Mwingine anasema naringa, eti nalipa kiingilio kuangalia mawe. Siringi, na wala silalamiki. Leo najibu.

Mimi nina pumu. Kule juu Nakadake, kilele cha Aso chenye kreta, gesi ya salfa inatoka, na matangazo yanasema wazi: mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asikaribie. Hayo si maneno ya kutishia watu. Mwaka 1997 watalii wawili walifariki pale kwa gesi. Mlipuko wa 1958 uliua watu 12, wa 1979 ukaua 3, ndiyo maana ukingoni kuna vibanda vya zege vya kujikinga. Kwa hiyo Makumbusho ya Volkano ya Aso, pale Kusasenri, ndiyo kreta yangu mimi.

Ni kweli, yalifunguliwa 1982. Lakini kuna kamera huko kreta zinazoleta picha papo hapo. Nilisimama mbele ya skrini nikaona moshi mweupe unalazwa na upepo, ukuta wa mwamba unajitokeza, kisha unafunikwa tena. Pembeni yangu mzee alimbeba mjukuu wake akimwonyesha kwa kidole, taratibu, bila haraka yoyote. Maelfu ya watu wanaishi ndani ya kaldera hii, yaani bonde kubwa lililobaki volkano ilipoporomoka, kilomita 25 kwa 18. Ndugu zangu wa Karatu, chukulieni Ngorongoro, ila ndani muweke treni, mashamba ya mpunga na shule. Oktoba 2016 Nakadake ilirusha majivu kilomita 11 angani. Mtoto wa pale lazima aijue hiyo kreta, na mimi nimeipenda sana sehemu inayomfundisha.

Sasa hela. Kiingilio hakiumi, kinachouma ni kufika. Mabasi ya kupanda kutoka stesheni ya Aso ni machache, ukiachwa na moja utakaa. Mtaniambia nikodi gari. Kwa leseni ipi? Ya Mwingereza inabadilishwa kuwa ya Japani bila mtihani wa kuendesha. Yetu ya Tanzania ina mitihani, tafsiri rasmi, na uthibitisho kwamba ulikaa Tanzania miezi 3 baada ya kuipata. Mihuri ya pasipoti yangu ya zamani haisomeki vizuri, na kwenye dirisha la ofisi ya leseni nikaambiwa nilete ushahidi mwingine. Ushahidi gani jamani? Nimezaliwa Arusha, nimesoma Arusha, leseni nimechukulia Arusha! Liliniuma hilo, na bado linaniuma.

Ushauri? Kila mtu na mwili wake, na mfuko wake. Mwenye mapafu mazima aende kreta, simzuii, ila aangalie hali ya siku hiyo kabla hajalipa nauli, maana gesi ikizidi panafungwa. Mwenye pumu kama mimi azungumze na daktari wake, asinisikilize mimi.

Na ninyi wa Goma mliokimbia volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, mlioniandikia kwamba moshi ule hamwezi kuutazama hata kwenye simu: nimewasoma wote. Kuanzia video ijayo nitaweka onyo mwanzoni, na dakika ya kurukia.