Paa la Kusimama Linapokutana na Paa la Kulala

Karibuni, mafundi na wenye nyumba. Nitashika kipande kimoja tu cha paa: mkunjo ambapo mwinamo mkali unashukia paa lililolala, kama baraza iliyoongezwa mbele ya nyumba.

Tuanze na hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la juu likiwa na mita 60 za mraba, na mvua ikanyesha milimita 50 kwa saa, lita 3,000 zitapita mkunjoni ndani ya saa hiyo. Zinashuka mbio, kisha mwendo unakatika ghafla. Maji yanarundikana, na upepo unayasukuma kinyume, chini ya bati la juu. Hapa Nairobi kuna pia maua ya mjakaranda, yanayoanguka mvua za vuli zikikaribia, na siku nyingine mvua ya mawe. Vikiziba mkunjo, umepata bwawa.

Kwa hiyo kinga lazima ipande. Wengi hupima sentimita 45 kwa kufuata mteremko, wakaridhika. Pimeni wima, kwa sababu maji yakijaa hupanda wima. Nikilenga kimo cha sentimita 15, paa la nyuzi 30 linataka sentimita 30 za membreni, yaani utando wa kuzuia maji, juu ya mkunjo. La nyuzi 15 linataka karibu 58. Zile 45 hapo hazitoshi.

Chini kukiwa slabu ya zege na juu vigae, slabu ikauke vizuri, ipakwe praima ya lami (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha membreni ya milimita 4 ichomelewe kwa mwali wa gesi: ilaliane sentimita 10 ubavuni, 15 miishoni. Ikifika kwenye mbao, zima gesi! Endelea na membreni ya kujinata, ukiilaza juu ya ile ya slabu. Misumari yake ikae ukingo wa juu tu. Mbao ya kushikilia vigae ikilazimika kupita hapo, bandika tepu ya butili (mpira laini unaonata) chini yake kabla ya kupigilia. Safu ya mwisho ya vigae ikomee sentimita 5 hadi 8 kabla ya mkunjo, takataka zipate njia.

Kukiwa mabati juu na chini, kazi ni nyingine. Miisho ya juu ya mabati ya chini ikunjwe kwa koleo, bonde la kila bati, yaani sehemu iliyobonyea kati ya mbavu, lisimame sentimita 3; wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayozuia maji ya upepo. Juu yake weka sponji zilizokatwa kwa umbo la mbavu, halafu flashingi, yaani kipande cha bati kilichokunjwa cha kufunika mkunjo: mguu wa juu uingie chini ya bati la juu kwa kipimo kile cha wima, wa chini ulale angalau sentimita 20. Riveti zipigwe juu ya mbavu. Bondeni hapana.

Saruji isitumike kuziba hapa. Bati la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 3, na saruji hainyumbuki, inapasuka. Isitoshe, saruji mbichi hula zinki na alumini iliyopakwa kwenye bati. Silikoni nayo ikipakwa kwenye ukingo wa chini wa flashingi huyafungia ndani maji ambayo yangetoka yenyewe. Mwenye nyumba anaona imezibwa, mbao zinaoza kimyakimya.

Kabla ya kufunga dari, jaribuni kwa mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Anzeni kwenye paa la chini, dakika 15, kisha mkunjo, dakika 15, ndipo mpande juu. Mkianzia juu, tone likionekana hamtajua limeingilia wapi. Na maji yamwagwe kuelekea chini. Ukielekeza mpira juu, chini ya bati, hata paa zuri litavuja.