Askari wa Kifaru
Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari

Ndugu walimu na wanafunzi wapendwa, hamjambo.

Yuko ndege wa rangi ya kahawia, mwenye mdomo mwekundu, ambaye hushinda mgongoni mwa wanyama wakubwa akiwadonoa kupe masikioni na kwenye mikunjo ya ngozi. Wazee wetu walimwita askari wa kifaru. Mtu anaweza kucheka, kwa sababu mnyama wa tani nzima, mwenye pembe mbili usoni, ambaye hata gari la vita limepewa jina lake, analindwaje na kindege?

Jibu liko machoni. Kifaru husikia vizuri na kunusa vizuri zaidi, lakini haoni mbali, na mtu anayemjia kimya kutoka upande ambao upepo hauipeleki harufu kwake anaweza kumkaribia mno. Watafiti waliofanya kazi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020, waliwaendea vifaru weusi kwa miguu mara nyingi. Vifaru wasio na ndege walimtambua mtu katika asilimia 23 tu ya majaribio, ilhali waliokuwa na ndege mgongoni walimtambua kila mara, kwa kuwa askari huyo akimwona binadamu hupiga kelele. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kifaru akisikia kelele hizo hugeukia upande ule ule ambao pua yake haimsaidii. Wazee hawakuwa wakitania.

Sasa tazameni kucha zenu. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha na nywele. Hata hivyo, huko Vietnam na China wapo wanaoinunua kwa bei kubwa kama dawa au kwa fahari tu, na zamani nyingi zilikwenda Yemen kuchongwa mipini ya majambia. Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na vifaru weusi wapatao 65,000. Kufikia mwaka 1995 hawakufika 2,500, ingawa biashara ya kimataifa ya pembe ilikuwa imepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Leo wamezidi 6,000, na ongezeko hilo limechukua karibu miaka 30, kwa sababu jike hubeba mimba miezi 15 au zaidi, huzaa ndama mmoja, kisha humlea kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Jangili humaliza kazi yake kwa dakika chache.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi sana, nami naliona zito. Katika sehemu za kusini mwa Afrika, sumu za kuua kupe zilizotumika kwenye majosho ya ng'ombe ziliwaua pia ndege waliokula kupe hao, na kwingine wakatoweka kabisa. Kifaru akabaki bila mlinzi wakati ule ule alipomhitaji zaidi.

Kazi hiyo sasa wameichukua binadamu wenye bunduki. Faru Fausta wa Ngorongoro, aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57, aliishi huru ndani ya kreta kwa miongo mingi, na alipozeeka, macho yakafifia na fisi wakaanza kumjeruhi, aliwekwa kwenye uzio mwaka 2016 na kutunzwa humo hadi mwisho. Kule hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, dume aliyeitwa Sudan alilindwa usiku na mchana mpaka alipokufa Machi 2018. Alikuwa dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Wamebaki Najin, binti yake, na Fatu, mjukuu wake, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kubeba mimba. Kwa hiyo wanasayansi huchukua mayai ya Fatu, huyarutubisha kwa mbegu za madume waliokwisha kufa zilizohifadhiwa kwenye baridi kali, na wanakusudia majike wa vifaru weupe wa kusini wawabebee mimba.

Nimesema ya kutosha. Yule kijana wa nyuma ananyoosha mkono tangu nilipotaja kucha. Tuanze na swali lako.