Fungu na Rungu: Nani Ameshika Nini Nigeria

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Ahsanteni kwa kuvumilia foleni mkafika.

Asubuhi nimenunua umeme wa LUKU, huu tunaolipia kabla ya kutumia hapa Tanzania. Ujumbe wake ninao hapa kwenye simu: tarakimu ishirini za tokeni, uniti, na humo humo kodi ya jengo imeshakatwa. Wengi tuliomo humu tunakumbuka kodi hiyo ikiingia halmashauri. Leo inakusanywa na serikali kuu, na katiba haikuguswa hata nukta. Nimeanza na hili kwa sababu Nigeria, ambako katiba inasema waziwazi kuwa nchi ni shirikisho, mambo huamuliwa vilevile, si kwa maandishi ya katiba bali kwa fungu la fedha na kwa rungu la polisi.

Tuanze na historia kidogo. Katiba ya 1954 iliifanya Nigeria shirikisho la majimbo matatu makubwa, Kaskazini, Magharibi na Mashariki, na kila moja lilikuwa na ubavu wa kuitikisa nchi nzima. Mei 1966 Jenerali Ironsi, mtawala wa kijeshi, akaufuta mfumo huo wa shirikisho kwa Amri Namba 34. Julai akauawa. Tarehe 27 Mei 1967 Gowon, aliyeshika nchi baada yake, akaigawa katika majimbo 12, na siku tatu baadaye Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, akatangaza jimbo lake kuwa nchi huru ya Biafra. Vita vilivyofuata viliendelea hadi Januari 1970. Sasa majimbo ni 36. Watu husema kuongeza majimbo ni kusogeza madaraka kwa wananchi. Mimi naona kinyume: vipande vilizidi kuwa vidogo, na kisu hakikutoka mkononi mwa serikali kuu.

Sasa fungu. Mafuta ni ya serikali kuu, hata yakichimbwa shambani kwa mtu. Mapato huingia akaunti ya shirikisho. Majimbo yenye mafuta hutengewa kwanza asilimia isiyopungua 13 ya mapato ya mafuta hayo. Kinachobaki, serikali kuu huchukua asilimia 52.68, majimbo yote 36 hugawana 26.72, na serikali za mitaa 774 hugawana 20.60. Kila mwezi makamishna wa fedha wa majimbo hukaa na wenzao wa serikali kuu kugawana. Jimbo lisilo na kodi zake za maana hulipa mishahara kwa kusubiri kikao hicho. Hapa kwetu, wakati wa rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, tulibishana sana kama serikali ziwe mbili au tatu. Aliyeuliza hiyo ya tatu itakula nini, huyo ndiye aliyegusa kiini.

Na rungu? Gavana huitwa mkuu wa usalama wa jimbo lake. Lakini polisi ni wa serikali kuu. Kifungu cha 215 cha katiba kinamruhusu gavana kumwelekeza kamishna wa polisi aliye jimboni kwake, halafu hapohapo kinamruhusu kamishna kuomba suala lipelekwe kwanza kwa Rais. Hebu fikirieni kijiji kinavamiwa usiku, gavana kashika simu, na mwenye silaha anasubiri jibu kutoka Abuja, makao makuu ya serikali kuu.

Nirudi kwenye umeme. Miaka mingi jimbo la Nigeria liliruhusiwa kuzalisha na kusambaza umeme pale tu ambapo gridi ya taifa haijafika. Penye nguzo za gridi, hata ziwe hazina umeme wiki nzima, jimbo halikuwa na ruhusa. Kizuizi hicho kiliondolewa kwa marekebisho ya katiba ya Machi 2023. Kwangu mimi hayo ni madaraka kuliko majimbo mapya kumi.

Linaloniuma zaidi liko chini kabisa. Fedha za serikali za mitaa zilipitia akaunti ya pamoja iliyo mikononi mwa jimbo. Gavana aliyelalamika kuwa Abuja inambana, naye aliwabana walio chini yake kwa mkono uleule. Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua fedha hizo ziende moja kwa moja kwa serikali za mitaa zenye viongozi waliochaguliwa.

Nawaona madiwani wawili wamekaa pale nyuma, karibu na mlango. Maswali naomba yaanzie kwao.