Breki Inayochelewa

Mlionisikia nikiusimulia mchezo huu mwaka jana, nivumilieni. Nitausimulia tena na tena mpaka uingie.

Mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya apate shida kutulia, kumakinika na kujizuia, anakaa mbele ya kompyuta. Ikitokea herufi yoyote, abonyeze kitufe. Ikitokea X, asibonyeze. Basi. Herufi zinamiminika, mkono unazoea kubonyeza, mara hiyo, X! Mtoto anabonyeza. Na kabla hujafungua mdomo, mwenyewe anasema "Aa!" na kujishika kichwa.

Isikilizeni hiyo "Aa!". Asiyejua sheria haisemi. Huyu anaijua, tena angeweza kukufundisha wewe. Ila breki imefika kidole kikiwa kimeshatua.

Mwaka 1984 watafiti Gordon Logan na William Cowan walilieleza jambo hili kama mbio: amri ya kutenda na amri ya kusimama zinakimbizana, na itakayotangulia ndiyo itakayoshinda. Kwa watoto wengi wenye ADHD, amri ya kusimama ni mkimbiaji mzito. Ukiwavisha kofia ya elektrodi, vile vinasa umeme wa ubongo, mawimbi ya ubongo yanayotokea kama milisekunde 200 hadi 500 baada ya ishara ya kujizuia mara nyingi huwa madogo kuliko ya wenzao. Picha za ubongo nazo zinaonyesha shughuli pungufu sehemu ya mbele, hasa upande wa kulia. Sasa niambieni, kiboko kinachofika X ikiwa imeshapita kitaharakisha wimbi gani?

Najua mnachonung'unika. "Mbona akicheza gemu anatulia saa mbili?" Kila mahali naulizwa hili, na muulizaji huwa anatabasamu kama wakili aliyeshinda kesi! Mzee wangu, gemu linamlipa kila anapobonyeza, papo hapo. Hata maabara, ukimwahidi zawadi kila anapojizuia, mara nyingi anajizuia vizuri zaidi. Breki anayo, ila inataka kuamshwa. Hesabu za ukurasa mzima, ambazo sifa zake zitakuja Ijumaa, haziiamshi.

Wala msitoke hapa mkatafute hizo kofia. Tofauti ninazozisema ni wastani wa makundi. Wapo wenye ADHD wanaofaulu mchezo huu vizuri tu. Kofia haimtambui mtoto mmoja mmoja. Anayekuuzia jibu kwa kipimo hicho peke yake, mwogope.

Nilitaka niseme pia juu ya kuyumba kwa kasi, kwamba mtoto huyohuyo hubonyeza upesi mara hii, mara inayofuata akachelewa mno, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Dawa: methilifenideti huisaidia breki kwa wengi wakati ingali mwilini, mengine muulizeni daktari wake. Na ukuaji: utafiti wa 2007 uliowapima watoto kwa miaka kadhaa ulikuta gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, likifikia unene wake wa juu karibu na miaka 10 na nusu kwa wenye ADHD, 7 na nusu kwa wenzao. Njia ni ileile, mwendo ndio wa polepole.

Haya, maswali. La gemu nimeshalijibu.