Kinachojaza Gereza ni Siku

Mwenyekiti wa jopo, walimu wangu, wanafunzi wa sheria hapa Dodoma, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie msongamano magerezani, na najua wengi mmekuja mkitarajia hesabu ya majengo. Naitoa upesi: kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikitaja kwamba magereza ya nchi nzima yana uwezo wa kuhifadhi watu 29,902. Waliomo wamewahi kuvuka 30,000. Tuiache hapo, maana namba hiyo haisemi nani kalala pale na anasubiri nini.

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Sikukuu ya Muungano ya 2021, Rais Samia akasamehe 5,001. Magazeti yakaandika namba kubwa, na mitaani watu wakadhani wote hao wametoka. Waliotoka siku ile ni 1,516. Wale 3,485 walipunguziwa tu kifungo, wakabaki kumalizia. Lakini hata wangetoka wote, someni Ibara ya 45 ya Katiba: Rais humsamehe mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Mahabusu hajahukumiwa, kwa hiyo hana cha kusamehewa. Tunasherehekea mlango wa wafungwa, na huku mlango wa mahabusu karandinga linaingia kila jioni.

Niwape hesabu ya kubuni. Gereza la wilaya linapokea mahabusu 3 kwa siku, kila mmoja anakaa siku 20. Asubuhi yoyote ukiita majina utakuta 60. Sasa usiongeze mhalifu hata mmoja wilayani. Acha tu kila mmoja akae siku 60. Utakuta 180. Hakuna aliyeiba zaidi, hakuna polisi aliyekamata zaidi. Zimeongezeka siku, basi. Ukijenga bweni jipya, siku hizo zitalijaza nalo.

Siku zinatoka wapi? Kaeni mahakamani asubuhi moja. Karandinga limefika kutoka gereza la Isanga, washtakiwa wamepangwa, mwendesha mashtaka anasimama: “Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika.” Hakimu anapanga tarehe nyingine isiyozidi siku 15, kwa sababu mtu yuko ndani. Dakika 2, wanarudi. Pengine kinachosubiriwa ni ripoti ya Mkemia Mkuu, pengine ni jalada lililoko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi ikiwa ya mauaji, hakimu huyo hana hata mamlaka ya kuisikiliza. Anaitaja tu, mpaka iende Mahakama Kuu, na huko nako isubiri kikao kipangwe. (Wenye haraka ya kuwalaumu mahakimu, hapo punguzeni lawama.)

Kuhusu dhamana, mnakijua kifungu kile cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tulichokizoea: mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine, hakuna dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Lakini wako wenye makosa yanayodhaminika ambao bado wamo ndani. Kijana wa Chemba aliyekamatwa hapa mjini anatakiwa mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mtaa upi, na yeye amekuja juzi kubeba mizigo sokoni? Kosa lake ni dogo, ila hana mtu wa kumsimamia, na usiku analala pembeni mwa mtuhumiwa wa mauaji.

Huduma kwa jamii, yaani kufanya kazi za umma badala ya kufungwa, ipo kisheria tangu 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka 3, na parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, ina sheria yake ya 1994. Ni vyema vitumike zaidi. Vyote viwili lakini vinamngoja mtu ahukumiwe kwanza.

Penye tumaini kwangu ni marekebisho ya 2022 katika Sheria hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yaliyozuia kufikisha mashauri mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Yakabakiza orodha ya makosa mazito nje ya katazo hilo, na makosa hayo ndiyo yenye kukaa ndani muda mrefu kuliko yote. Wabunge wako hapa jirani. Bajeti ya Mambo ya Ndani ikisomwa, wataulizia idadi ya wafungwa kama kawaida. Nyinyi waandikieni waulize jambo jingine: mahabusu wasio na dhamana, katika kila mkoa, wanakaa wastani wa siku ngapi kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani?